Papa wa Pwani na Askari wa Milimani

Kwa mtu aliyezaliwa Bwera au Kasese, chini ya theluji ya milima ya Rwenzori, bahari ni jambo la kusimuliwa. Maji anayoyafahamu ni ya mto Lhubiriha unaopita mpakani Mpondwe, ya mto Nyamwamba uliofurika na kuleta maafa mwezi Mei 2013 na tena mwezi Mei 2020, na ya maziwa mawili, Edward na George, yaliyounganishwa na mfereji wa Kazinga. Hatari za maji hayo amezijua tangu utoto wake. Anajua kwamba kiboko hutoka usiku kwenda malishoni, na kwamba mtu anayesimama kati ya kiboko na maji anajitafutia mauti. Anajua kwamba mamba hulala kimya kama gogo, na kwamba ukimya wake si usingizi. Lakini habari za papa, samaki mkali wa bahari ya chumvi, hakufundishwa na baba yake wala babu yake, kwa sababu hao nao hawakuwa na haja nazo.

Haja hiyo imekuja baadaye. Tangu mwezi Machi 2007, Uganda ilipokuwa nchi ya kwanza kupeleka majeshi nchini Somalia chini ya bendera ya Umoja wa Afrika, maelfu ya vijana wa bara wamejikuta wakilala na kuamka kando ya Bahari ya Hindi. Kambi kuu ya majeshi hayo mjini Mogadishu iko karibu na uwanja wa ndege, na uwanja huo uko ufukweni hasa. Askari polisi wa Uganda nao wametumwa huko kusaidia kazi ya usalama wa raia. Ujumbe wenyewe ulibadilishwa jina mwezi Aprili 2022, ukabadilishwa tena mwezi Januari 2025, lakini bahari ni ile ile. Baada ya doria ya mchana kutwa katika joto na vumbi, maji ya buluu humwita askari ayaoge. Wahenga walisema kwamba usilolijua ni usiku wa giza. Kwa hiyo ni vema askari, pamoja na jamaa zake waliobaki nyumbani, wamjue papa jinsi alivyo: anavyoishi, anavyowinda, na kwa nini wakati mwingine humuuma binadamu.

Papa wako wa aina zaidi ya 500 duniani. Wengi wao ni wadogo na hawamdhuru mtu. Mkubwa kuliko wote, ambaye wavuvi wa kisiwa cha Mafia humwita papa shilingi kwa sababu ya madoa yake ya mviringo, hula dagaa na viumbe vidogo mno vinavyoelea majini, na watu huogelea karibu naye bila madhara. Kati ya aina hizo zote, ni tatu tu zinazobeba lawama ya sehemu kubwa ya vifo vya binadamu. Mmojawapo wa hao watatu ndiye anayehusu zaidi makala haya, kwa sababu ndiye aishiye karibu kabisa na watu. Wataalamu wa elimu ya viumbe humwita Carcharhinus leucas. Katika nchi za kusini mwa Afrika jina lake la kawaida ni papa wa Zambezi, kwa kuwa huingia katika mto huo na kupanda bara.

Papa wa Zambezi ni mnene wa kiwiliwili, mwenye pua fupi butu na macho madogo. Mgongo wake ni wa rangi ya kijivu na tumbo lake ni jeupe. Rangi hizo ni vazi la vita kamili. Atazamwaye kutoka juu huchanganyika na giza la kilindini, na atazamwaye kutoka chini huchanganyika na mwanga wa jua. Jike huwa mkubwa kuliko dume, na anaweza kufikia urefu wa mita tatu au zaidi. Mwili wake hauna mfupa hata mmoja. Mifupa yake yote ni gegedu, kitu kile kile kinachofanya sikio la mtu na ncha ya pua yake. Meno yake yamepangwa safu nyuma ya safu, na jino linapong'oka, jingine husogea mbele kushika nafasi yake, mithili ya askari anayejaza pengo katika mstari. Meno ya taya la juu ni mapana, ya pembetatu, yenye makali kama ya msumeno, na kazi yake ni kukata. Yale ya chini ni membamba, na kazi yake ni kushika.

Samaki wengi, kama ngege wa ziwa Edward, wana kifuko cha hewa tumboni kinachowasaidia kuelea. Papa hana kifuko hicho. Badala yake ana ini kubwa mno lililojaa mafuta, na kwa kuwa mafuta ni mepesi kuliko maji, ini hilo humpunguzia uzito. Waswahili wa pwani waliyajua mafuta hayo tangu zamani. Waliyaita sifa, wakayapaka katika mbao za majahazi yao ili zisiharibiwe na maji ya chumvi. Nyama yake waliitia chumvi na kuianika juani ikawa ng'onda, chakula cha safari na cha biashara. Kwa hiyo papa si mgeni katika maisha ya watu wa Afrika ya Mashariki. Ni mgeni kwa watu wa bara tu.

Silaha kubwa ya papa si meno, bali ni upelelezi wake. Ana milango ya fahamu zaidi ya ile ya binadamu. Pua yake hunusa damu na majimaji ya samaki yakiwa yamechanganyika na maji mengi sana. Kwenye ubavu wake, kutoka kichwani hadi mkiani, kuna mstari wa vishimo vinavyohisi mtikisiko wa maji, hata samaki aliyejeruhiwa akitapatapa kwa mbali papa hupata habari zake. Zaidi ya hayo, chini ya pua yake mna matundu madogo yaliyojaa kitu kama utomvu mzito, nayo huhisi umeme hafifu unaotolewa na misuli ya kila kiumbe hai, hata mapigo ya moyo. Matundu hayo yalielezwa na tabibu wa Italia, Stefano Lorenzini, katika karne ya 17, nayo huitwa kwa jina lake mpaka leo. Kwa sababu hiyo papa wa Zambezi haoni taabu kuwinda katika maji ya matope ambamo jicho halioni urefu wa mkono. Maji machafu yanayomficha adui kwa mwogaji hayamfichi mwogaji kwa papa.

Sasa huja jambo linalomtenga papa huyu na takriban ndugu zake wote, nalo ni uwezo wake wa kuishi katika maji ya chumvi na katika maji baridi pia. Mtu wa Kasese anaweza kulielewa jambo hili upesi kuliko wengi, kwa kuwa ana ziwa Katwe. Kwa karne nyingi chumvi ya Katwe imechimbwa na kupelekwa mbali, na samaki wa maziwa ya karibu wamehifadhiwa kwayo. Samaki aliyepasuliwa na kupakwa chumvi hutoa maji mpaka akakauka. Sababu yake ni kwamba maji hupenda kutoka pale penye chumvi kidogo kwenda pale penye chumvi nyingi. Maji ya bahari yana kiasi cha gramu 35 za chumvi katika kila lita moja, na damu ya samaki wa kawaida ina chumvi chache kuliko hiyo. Basi samaki wa baharini, ingawa yumo majini, yumo katika hatari ya kukaushwa kama yule wa Katwe.

Papa amejilinda kwa njia yake. Katika damu yake huhifadhi kwa wingi kitu kiitwacho yurea, ambacho kwa binadamu ni taka inayotolewa katika mkojo. Yurea hiyo hufanya damu yake iwe nzito sawa na maji ya bahari, hata maji yasipate njia ya kumtoka. Chumvi inayozidi mwilini mwake hutolewa na tezi maalumu iliyoko karibu na mwisho wa utumbo. Ni yurea hiyo hiyo inayofanya nyama ya papa itoe harufu kali isipowahiwa kutiwa chumvi, nao wachuuzi wa ng'onda wanaijua harufu hiyo vizuri.

Lakini papa wa kawaida akiingia mtoni hupatwa na msiba wa pili, kinyume cha ule wa kwanza. Sasa damu yake ndiyo nzito na maji ya nje ndiyo mepesi. Maji humwingia kwa nguvu, na asipoyatoa atavimba na kufa. Papa wa Zambezi hupambana na hali hiyo kwa kubadili kazi za viungo vyake. Hupunguza yurea katika damu, hupunguza kazi ya ile tezi ya chumvi ili asipoteze chumvi anayoihitaji, na figo zake hutoa mkojo mwingi mwepesi usiku na mchana. Kazi hiyo humla nguvu nyingi, lakini humpatia ufalme ambao papa wengine hawana.

Ushahidi wa ufalme huo ni mwingi. Katika Amerika ya Kusini, papa wa aina hii wameonekana katika mto Amazon mbali zaidi ya kilomita 3,000 kutoka baharini. Mwaka 1937 mmoja alivuliwa katika mto Mississippi karibu na mji wa Alton, jimbo la Illinois, Marekani, safari ya zaidi ya kilomita 1,500 kutoka mlango wa mto. Papa wa ziwa Nicaragua walidhaniwa kwa miaka mingi kuwa ni aina ya peke yake iliyofungiwa ziwani. Katika miaka ya 1960 na 1970 mtaalamu Mmarekani Thomas Thorson aliwatia alama, na alama hizo zikathibitisha kwamba papa wale hupanda na kushuka mto San Juan, wakipita katika maporomoko madogo, kati ya ziwa na bahari. Nchini Australia, mafuriko ya miaka ya 1990 yaliwaingiza papa kadhaa katika bwawa la uwanja mmoja wa gofu karibu na mji wa Brisbane. Maji yalipopungua walifungiwa humo, nao waliishi katika maji hayo miaka mingi huku wachezaji wakiwatazama.

Hapo msikilizaji wa Kayanzi au wa Katwe atauliza, na ana haki ya kuuliza: je, papa huyo hawezi siku moja kufika ziwa Edward? Jibu ni kwamba hawezi, na jiografia ndiyo mlinzi. Ziwa Edward liko zaidi ya mita 900 juu ya usawa wa bahari. Maji yake hutoka kwa mto Semliki, ambao huteremka kiasi cha mita 300, tena kwa maporomoko katika msitu wa Kongo, mpaka ziwa Albert. Kutoka hapo Nile huenda kaskazini maelfu ya kilomita, ikipita katika mabwawa na maporomoko ya Sudani, kisha katika bwawa kuu la Aswan lililokamilika mwaka 1970, kabla ya kuifikia bahari ya Mediterania. Hakuna papa awezaye kuipanda ngazi hiyo.

Mfano wa mamba unasaidia kulipima jambo hili. Kwa muda mrefu mamba hawakujulikana katika ziwa Edward wala ziwa George, ingawa walikuwa tele katika ziwa Albert na katika sehemu ya chini ya Semliki. Maporomoko na msitu viliwazuia. Ni katika miongo ya mwisho ya karne ya 20 tu ndipo walipoanza kuonekana huko juu, na leo wasafiri huwaona katika mfereji wa Kazinga. Lakini mamba ana miguu. Anapokuta maporomoko hutoka majini, akayazunguka kwa nchi kavu na kuingia tena. Papa akitoka majini hufa. Basi mvuvi wa Edward aendelee kumwogopa kiboko na mamba, na yeyote atakayemtisha kwa uvumi wa papa aambiwe akasome ramani.

Uzazi wa papa huyu nao ni somo. Samaki kama ngege hutaga mayai kwa mamia, na baadhi ya samaki hutaga kwa mamilioni. Papa wa Zambezi hazai hivyo. Jike huchukua mimba kwa muda wa miezi 10 au 11, karibu sawasawa na binadamu, na watoto hulishwa tumboni kwa kondo kama watoto wa wanyama wenye kunyonyesha. Huzaa watoto wachache, kwa kawaida wasiozidi 13, kila mmoja akiwa na urefu wa sentimita 55 hadi 80, tayari na meno yake. Mama huenda kuwazalia katika milango ya mito na katika hori zenye mikoko, mahali ambapo maji ya chumvi hukutana na maji baridi. Hufanya hivyo kwa sababu papa wakubwa wa aina nyingine, ambao wangeweza kuwala watoto hao, hawapendi kuingia humo. Watoto hukaa humo miaka kadhaa kabla ya kwenda baharini, na huchukua zaidi ya miaka 10 kabla ya kufikia umri wa kuzaa.

Tabia hiyo ya uzazi ndiyo inayomleta papa karibu na binadamu. Mlango wa mto ni mahali ambapo watu hujenga bandari, huvua, hufua na kuoga. Papa wa Zambezi hamfuati mtu huko. Wote wawili wamechagua mahali pamoja. Chakula chake ni samaki wa kila namna, taa, kasa, ndege wa baharini, pomboo, na hata papa wadogo wa aina yake mwenyewe. Mizoga pia haikatai. Binadamu si chakula chake cha kawaida. Mara nyingi ajali hutokea katika maji ya matope, pale papa anapohisi kitu kinachorukaruka majini. Hukijia kwanza kwa kukigonga kwa pua, ili ajue ni kitu gani, kisha hung'ata. Wakati mwingine akishagundua kwamba si samaki humwacha na kwenda zake. Lakini jeraha la mng'ato mmoja wa papa wa mita tatu linatosha kumuua mtu kwa kupoteza damu.

Historia ya Mogadishu yenyewe inatoa fundisho. Katika miaka ya 1970 na 1980 fukwe za mji huo zilipata sifa mbaya kwa sababu ya watu walioshambuliwa na papa. Sababu inayotajwa mara kwa mara ni machinjio yaliyojengwa karibu na pwani, ambayo damu na taka zake zilimwagwa baharini. Papa wakazoea kuja karibu na nchi kavu kutafuta mabaki hayo, na waogaji wakawa katikati. Fundisho lake ni wazi kwa kila kiongozi wa kambi. Uchafu wa binadamu humwalika papa aje ufukweni. Kambi inayotupa baharini matumbo ya mbuzi na mabaki ya jikoni imemwekea papa meza.

Hapana budi pia kupima hatari hii kwa mizani ya haki, kwa maana hofu iliyopita kiasi ni adui kama uzembe. Chuo Kikuu cha Florida nchini Marekani huweka kumbukumbu ya mashambulizi ya papa duniani kote. Kwa mwaka mmoja wa kawaida mashambulizi yasiyotokana na uchokozi wa mtu huwa kati ya 60 na 70 hivi katika dunia nzima, na wanaokufa kwayo hawafiki 10 katika miaka mingi. Askari aliyeko Mogadishu ana sababu kubwa zaidi ya kuogopa bomu la kutegwa barabarani kuliko papa, na hata baharini kwenyewe mkondo wa maji unaomvuta mwogaji kilindini ni hatari kubwa kwa mtu ambaye hakujifunza kuogelea. Maji usiyoyafika hujui wingi wake. Lakini hatari iliyo ndogo si hatari isiyokuwapo, na kinga yake haina gharama.

Kinga hiyo ni nidhamu, jambo ambalo askari hana haja ya kufundishwa maana yake. Kwanza, asiingie baharini alfajiri, magharibi wala usiku, kwa kuwa ndizo saa ambazo papa huwinda zaidi. Pili, ayaepuke maji ya matope, hasa baada ya mvua na karibu na milango ya mito, na mahali ambapo wavuvi husafisha samaki wao au ambapo taka humwagwa. Tatu, asioge peke yake wala asiende mbali na ufukwe, kwa maana mtu mmoja akijeruhiwa mbali hana wa kumtoa. Nne, mwenye jeraha linalotoka damu abaki nchi kavu. Tano, avue saa na mikufu inayong'aa, kwani mng'ao wake majini hufanana na magamba ya samaki. Sita, akiona samaki wadogo wengi wakiruka juu ya maji kwa hofu, au ndege wakitumbukia kwa wingi mahali pamoja, ajue kwamba chini yao kuna mwindaji, naye atoke.

Ikitokea mtu amemwona papa, asipige maji kwa kelele. Amkabili kwa macho bila kumpa mgongo, arudi ufukweni polepole kwa utulivu. Papa akishambulia, ajitetee kwa nguvu zake zote, akipiga macho na mashavu yake, ambayo ni sehemu laini kuliko pua. Majeruhi akishatolewa majini, kazi ya kwanza ni kuzuia damu papo hapo ufukweni, kabla ya kufikiria gari. Jeraha lishindiliwe kwa nguvu kwa kitambaa safi, na ikiwa ni la mkono au mguu na damu haizuiliki, kifungwe kifungo cha kukaza juu ya jeraha na saa iandikwe. Haya ni maarifa yale yale ya uwanja wa vita. Afunikwe asipate baridi, kisha apelekwe kwa daktari.

Papa naye ana upande wake wa shauri hili. Kwa kila mtu mmoja anayeuawa na papa, papa wasiohesabika huuawa na watu, kwa ajili ya nyama, mafuta na hasa mapezi, ambayo huuzwa kwa bei kubwa katika nchi za Mashariki ya Mbali kwa kutengenezea supu. Uchunguzi uliotangazwa mwaka 2021 ulionyesha kwamba tangu mwaka 1970 idadi ya papa na taa wa bahari kuu imepungua kwa asilimia 71. Papa wa Zambezi mwenyewe amewekwa katika orodha ya viumbe walio katika hatari ya kutoweka. Samaki anayezaa watoto wachache, baada ya kusubiri zaidi ya miaka 10, hawezi kustahimili kuvuliwa kama dagaa.

Si jambo lisilofahamika huku kwetu. Wavuvi wa Edward na George wameona wenyewe nini hutokea samaki wachanga wanapovuliwa kwa nyavu zenye matundu madogo, na mwaka 2017 jeshi la Uganda lilipewa kazi ya kulinda maziwa dhidi ya uvuvi haramu. Kazi hiyo imeleta malalamiko mahali pengi, na mvuvi aliyenyang'anywa wavu wake ana uchungu unaostahili kusikilizwa. Lakini sheria ya asili ni moja kwa ngege wa Kazinga na kwa papa wa Bahari ya Hindi. Anayevua mbegu hatavuna.

Kwa askari polisi na maofisa wa forodha walioko Mpondwe, pale ambapo samaki wakavu huvuka kila wiki kwenda na kutoka Kongo, liko jambo la kukumbuka. Mwezi Novemba 2022, katika mkutano uliofanyika Panama, nchi zilizotia sahihi mkataba wa kimataifa wa biashara ya viumbe vilivyo hatarini zilikubali kuiweka jamii nzima ya papa hawa chini ya udhibiti, na amri hiyo ilianza kutumika mwaka uliofuata. Tangu hapo mapezi na nyama yao havipaswi kuvushwa kutoka nchi moja hadi nyingine bila kibali. Uganda ni mwanachama wa mkataba huo. Pezi kavu la papa halifanani na ng'onda wa kawaida. Ni jembamba, gumu, la umbo la pembetatu, lenye ngozi inayokwaruza kama msasa. Afisa anayelijua atalitambua ndani ya gunia, na asiyelijua atalipita.

Zamani reli ya kutoka Mombasa, iliyofika Kasese mwaka 1956, ndiyo iliyoiunganisha nchi hii ya milima na bahari, ikateremsha mali ya Kilembe na kupandisha bidhaa za ng'ambo. Siku hizi vijana wenyewe ndio wanaoteremka. Wanakwenda na bunduki na sare zao, na ni haki yao waende pia na maarifa. Papa hana chuki na mtu, wala hana huruma naye. Anafuata harufu, mtikisiko na giza la maji. Askari anayelijua hilo ataoga mchana, katika maji maangavu, pamoja na wenzake, karibu na ufukwe, na siku zake za kazi zitakapokwisha atarudi Bwera akiwa mzima, awasimulie wazee wake habari za samaki asiye na mfupa.